Ufukwe Unaotembea: Kuchagua Kiwanja Chenye Njia ya Boti Ziwa Victoria

Shemeji yangu anayekaa Dodoma alinipigia simu jioni moja, sauti ya mtu aliyeokota. Amepata kiwanja Ukerewe, kinagusa maji, boti ataifunga barazani kwake. Dalali alikuwa ameshamtumia picha kumi na mbili, na kwenye zote kumi na mbili hakuna mtu, hakuna mtumbwi, hakuna hata bata. Akaniomba niende nikakione kabla hajatuma pesa, kwa kuwa mimi niko Mwanza na ziwa hili nimelizoea tangu utotoni.

Nikavuka hadi Nansio, nikapanda bodaboda na dalali mpaka kijiji kimoja upande unaotazama Ghuba ya Speke. Picha zilisema kweli: mchanga safi, mwembe mkubwa, jiwe la kukalia. Dalali akanyoosha mkono kuelekea kwenye mawimbi. "Mpaka pale yote ya kwenu bosi, na maji ni nyongeza."

Pembeni kulikuwa na bibi anasugua sufuria kwa mchanga. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama ni mimi ninayenunua. Nikamwambia ni shemeji yangu, mimi nimetumwa kuangalia tu. Akamgeukia dalali. "Umemwonyesha choo?"

Choo kilikuwa ziwani. Hatua kama ishirini kutoka ukingoni, kona ya ukuta wa tofali ilikuwa imechomoza juu ya maji, ndege mweusi ametua juu yake anakausha mbawa. Mwenye kiwanja alikijenga miaka ambayo ziwa lilikuwa limerudi nyuma, akakiweka mbali na nyumba kama inavyotakiwa. Ziwa likarudi kuchukua nafasi yake.

Tangu siku hiyo watu kadhaa wameniuliza habari za viwanja vya ufukweni, na nimegundua tatizo huwa ni lilelile. Dalali anauza vitu vitatu kwa bei moja: ardhi, ukanda ulio kati ya ardhi na maji, na maji yenyewe. Kati ya hivyo, ardhi peke yake ndiyo inayoweza kuuzwa. Ukanda una sheria yake, na maji ni ya umma. Na anayetaka kiwanja kwa ajili ya boti, maji ndiyo anayoyafuata pale. Kwa hiyo mimi huwaambia waanze kukagua kuanzia ziwani, warudi nchi kavu, kinyume kabisa na njia atakayokupitisha dalali.

Kujaa na kupwa kwa miaka

Ziwa Victoria halijai na kupwa kila siku kama bahari, ndiyo maana mgeni huamini kwamba ukingo anaouona leo ndio ukingo. Mtu wa Tanga au Bagamoyo huwezi kumdanganya hivyo, atauliza maji yanafika wapi bamvua, siku zile bahari inapojaa kupita kawaida. Ziwa nalo hujaa na kupwa, ila kwa miaka badala ya saa.

Mvua kubwa za kuanzia mwaka 1961 hadi 1964 zililipandisha kwa zaidi ya mita mbili, na mialo mingi ya zamani, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, ikazama. Likakaa juu kwa muda mrefu, likashuka taratibu, kisha mwaka 2006 likafika chini kuliko lilivyowahi kuwa kwa takriban miaka 80. Mei 2020 likapanda hadi kuivuka rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likapita hata hapo. Kati ya shimo la 2006 na kilele cha 2020 kuna tofauti ya karibu mita tatu kwenda juu. Mtu aliyenunua kiwanja mwaka 2006 na aliyenunua 2020 hawakuwa wanaangalia ziwa moja.

Sababu yake inaeleweka. Ziwa hili ni pana sana, kama kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kidogo, wastani wa mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake, kama asilimia 80, inatokana na mvua inayolidondokea moja kwa moja, na Mto Kagera na mingine inaongeza kilichobaki. Yanayotoka hutoka kwa jua na kwa Mto Nile kule Jinja, Uganda, ambako tangu mwaka 1954 kuna bwawa la umeme. Mvua ikizidi kwa miaka miwili mfululizo, ziwa halina pa kuitapika haraka. Na mteremko ule wa 2005 na 2006 ulitokana na ukame pamoja na maji kuachiwa kwa wingi kupitia Jinja. Ndiyo kusema, kimo cha maji mbele ya kiwanja chako Ukerewe kinategemea pia mitambo ya nchi jirani. Hilo dalali hatakwambia, na nina hakika wengi wao hawalijui.

Sasa geuza mita hizo za kwenda juu ziwe mita za kwenda mbele, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Kwenye ufukwe wa mchanga, chini ya ziwa kunateremka polepole. Tuseme kila ukitembea mita 30 kuingia ziwani, kina kinaongezeka mita moja. Ziwa likishuka mita moja, ukingo unakimbia mita 30. Likishuka mbili, boti yako imelala kwenye tope mita 60 kutoka pale ulipoizoea. Likipanda mbili, mita 60 za shamba lako zinaota mafunjo. Kwenye miamba iliyosimama, kama pembeni mwa Capri Point pale mjini Mwanza, mita hizohizo mbili zinapanda na kushuka ukutani na ukingo hausogei. Picha za matangazo hupenda mchanga. Mwenye boti anatakiwa kuuogopa kidogo.

Kusoma historia ya kiwanja hakuhitaji mtaalamu. Mawe yetu ya Mwanza na Ukerewe yana mstari: sehemu iliyowahi kulowa kwa muda mrefu ina rangi tofauti na ya juu yake. Miti iliyokauka imesimama majini inakwambia nchi kavu ilifika pale mpaka juzi. Ukiona mafunjo yamekatwa na kuchomwa ili "kusafisha" kiwanja, ujue umeonyeshwa kinamasi. Google Earth ina picha za setilaiti za miaka ya nyuma bure kabisa. Tafuta eneo lako, rudisha miaka, uone ukingo ukitembea mbele ya macho yako. Kisha muulize bibi anayesugua sufuria.

Kuhusu msimu, ziwa huwa juu zaidi Mei na Juni baada ya masika. Nenda kakione kiwanja miezi hiyo. Atakayekuharakisha ulipie Oktoba ana sababu zake.

Mita sitini zinaanzia wapi?

Kila mtu wa Kanda ya Ziwa amesikia habari za mita sitini. Wanaoweza kusema zinakataza nini hasa ni wachache.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inaulinda ukanda huohuo. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa miongoni mwa zile zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Sheria tatu, namba moja.

Neno la kulitazama ni "kudumu". Kupita tu hakukatazwi na sheria. Kuvuta mtumbwi mchangani, kuanika nyavu, kukaa chini ya mwembe, hakuna atakayekushtaki. Msingi wa zege, ukuta, shimo la maji taka, hayo ndiyo yanayoleta wenye rangi nyekundu kuja kuchora alama ya X.

Utasema: mbona Mwanza kuna nyumba na hoteli zinazochungulia majini? Zipo. Nyingine ni za kabla ya sheria, nyingine zilipitia vibali, nyingine zinasubiri siku yao. Ukitazama kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo nyumba ya jirani usiichukulie kama kibali chako.

Ugumu wenyewe uko kwenye kipimo. Kama ukingo unatembea, mita sitini zinaanzia wapi? Ukipima kutoka maji yalipo siku ya ununuzi, na siku hiyo ziwa liko chini, utajenga kihalali kabisa halafu baada ya miaka michache utajikuta ndani ya ukanda, au ndani ya maji. Njia ya usalama ni kupima kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika, na siku hizi alama hiyo ni ya miaka ya 2020 na 2024. Mwombe mpimaji akupe pia kimo cha ardhi juu ya alama hiyo, maana vifaa vyake vinaweza. Wengi humwomba mipaka tu, wakasahau kwamba ziwa haliheshimu bikoni. Mimi sakafu ya nyumba yangu nisingeiweka chini ya mita moja na nusu juu ya alama ya juu kabisa, hata fundi akinicheka.

Kuna upande wa pili wa sheria hii ambao wanunuzi hawaupendi mpaka waufikirie mara mbili. Kama huwezi kujenga kwenye ukanda, huwezi pia kuuzungushia uzio na kuuita wako. Akina mama watateka maji mbele yako, ng'ombe watakunywa, watoto wataoga, wavuvi watapumzika. Ufukwe binafsi, ule wa kwenye sinema, haupo. Lakini jirani yako naye hawezi kukufungia. Ukiwa na kiwanja cha pili au cha tatu kutoka ziwani, bado unaweza kushuka mpaka majini, almradi kuna njia kwenye mchoro wa mipango miji au inayotambulika na kijiji. Kwa hiyo kiwanja cha nyuma chenye njia nzuri kinaweza kukufikisha kwenye boti sawasawa na cha mbele, kwa bei ndogo na bila choo kuzama.

Kamba, jiwe na mtumbwi

Siku ileile bibi alimwita mjukuu wake aliyekuwa na kamtumbwi kadogo. Nikafunga jiwe kwenye kamba, nikapiga mafundo kila nusu mita, kijana akapiga kasia polepole moja kwa moja kutoka ufukweni huku mimi nadondosha jiwe na kuhesabu. Mtumbwi ulipofika mbali kiasi kwamba dalali ameshakuwa mdogo kama kijiti, maji yalikuwa bado yanafika kifuani kwa mtu mzima. "Hapa injini tunaiinua," kijana akaniambia. "Tunasukuma kwa mti."

Kipimo hicho kilichukua nusu saa na kilitosha kukataa kiwanja. Boti ya mbao yenye injini ya kupachika inahitaji kina ambacho pangaboi halitachimba mchanga wala kugonga jiwe. Boti nyepesi karibu mita moja ya maji inaitosha pakiwa shwari, lakini mawimbi yakianza inapanda na kushuka, na mahali palipokuwa na mita moja panageuka nusu mita kila wimbi likipita. Pima kina, kisha jiulize: mita mbili zikiondoka hapa, nitabaki na nini?

Chini kukoje nako kuna maana yake. Mchanga unaruhusu boti kuvutwa juu, na kwa mtumbwi wa mbao hiyo ndiyo maegesho bora na ya bei rahisi. Tope linashika nanga vizuri lakini kushuka na mizigo ni adhabu. Mwamba una kina cha kutosha hatua mbili tu kutoka ukingoni, ila usiku mmoja wa mawimbi unatosha kuipasua boti iliyofungwa ovyo. Na hapa kwetu jiwe linaweza kuwa kiganja kimoja chini ya uso wa maji, mbali na ufukwe, bila alama yoyote. Wavuvi wa pale wanayajua mawe yao kama watu wanavyojua mashimo ya barabara ya mtaani kwao. Tembea nao angalau mara moja kabla ya kulipa.

Baada ya kina, upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, hewa inatoka ziwani kuja pwani. Upepo huo unaanza kuonekana saa tano asubuhi na kufikia ukali wake alasiri. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na hewa inayokutana katikati ya ziwa ndiyo inayolea radi na dhoruba za usiku wa manane hadi asubuhi. Juni hadi Agosti unaongezeka upepo wa kusini mashariki. Mtu anayekagua kiwanja saa mbili asubuhi maji yakiwa kama kioo hajakagua kitu. Rudi saa tisa alasiri, usimame palepale, utazame povu.

Halafu tazama wimbi linatoka wapi. Upepo unaovuka kilomita nyingi za maji wazi unajenga mawimbi makubwa, na ukivuka mkono mdogo wa maji unajenga vijiwimbi. Upande wa kusini wa Ukerewe upepo wa kusini mashariki unakuja umeshavuka Ghuba ya Speke. Upande wa kaskazini unatazamana na kisiwa cha Ukara na ziwa lililo wazi. Kati ya pande hizo kuna rasi na vihori, yaani ghuba ndogo zilizojikunja, na humo ndimo mitumbwi inamolala. Ukitaka kujua kihori kizuri kiko wapi, angalia wavuvi wamefunga wapi. Ufukwe mzuri usio na mtumbwi hata mmoja, kama ule wa picha kumi na mbili, umeachwa na watu wanaojua kwa nini.

Basi utakimbilia kihori kilichotulia. Nacho kina deni lake. Maji yaliyotulia yenye majani pembeni ndiyo makazi ya konokono wanaobeba kichocho, na kando ya ziwa hili, visiwani hasa, kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku. Vijidudu hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa kali, saa sita na saa saba mchana, wakati huohuo wageni wanaopenda kuogelea. Dawa yake ipo, praziquantel, watoto wa shule hupewa kwa kampeni, lakini ukirudi majini unaambukizwa upya. Gati refu kidogo linalokufikisha kwenye boti bila kukanyaga majani ni kinga kuliko anasa. Kihori hichohicho ndicho magugu maji hupenda kusukumwa na upepo na kukwama. Asubuhi unaamka, mbele yako kijani kitupu, maua ya zambarau, boti haina pa kupita mpaka upepo uhurumie.

Na siku hizi kuna vizimba vya samaki. Ufugaji wa sato kwenye vizimba umekua kwa kasi, na vizimba navyo vinataka maji yaliyokingwa na mawimbi makali. Ghuba uliyoipenda kwa ajili ya boti yako, mwenzako kaipenda kwa ajili ya sato wake. Ulizia kijijini na kwa afisa uvuvi kama kuna maombi ya vizimba mbele ya kiwanja, maana ukishajenga hutaweza kudai kwamba maji yalikuwa ya kwako.

Mwalo wa karibu ni baraka yenye harufu. Unakupa mafundi wa mbao na wa injini, mafuta, walinzi, watu wa kukuokoa. Unakupa pia dagaa wanaoanikwa, redio, na majenereta. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na taa zao, mbalamwezi ikikomaa wanapumzika. Kwa hiyo lala pale usiku mmoja wa giza na mmoja wa mbalamwezi kabla hujaamua kama unaweza kuishi na jirani huyo. Binafsi nachagua mwalo wenye harufu. Injini ya boti iliyoachwa peke yake ufukweni usiku haina maisha marefu.

Kuhusu gati lenyewe nitasema kifupi. La nguzo za zege ni ujenzi wa kudumu, tena ndani ya ukanda na ndani ya maji, kwa hiyo litakupeleka NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira, na kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na hata ukipewa kibali, kimo chake kitafaa mwaka huu tu. La kuelea, mbao juu ya mapipa yaliyofungwa kwa minyororo, hupanda na kushuka na ziwa. Nalo liulizie kibali, ila ndilo lenye akili.

Karatasi

Kwanza jua uko kwenye ardhi ya aina gani. Mjini, kama Ilemela, Nyamagana au Nansio penyewe, unatafuta kiwanja kilichopimwa: mchoro wa mipango miji, ramani ya upimaji, bikoni unazozikanyaga kwa miguu yako, na hati. Peleka namba ofisi ya ardhi ufanyiwe upekuzi rasmi, ujue kama kuna mkopo wa benki au zuio la mahakama juu yake. Kwenye mchoro tazama ukanda wa ziwa umechorwaje. Kama mstari wa kiwanja umeingia ndani yake, umeonyeshwa mchoro wa dalali.

Sehemu kubwa ya visiwa, hata hivyo, ni ardhi ya kijiji, na huko ndiko wanunuzi wa mjini wanakopotea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji, na inamtazama mnunuzi kama raia anayeishi au anayekusudia kuishi au kufanya kazi pale. Saini ya mwenyekiti juu ya karatasi ya daftari chini ya mwembe haitoshi. Omba muhtasari wa kikao, wenye tarehe na mahudhurio. Asiye raia kwa kawaida hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na huo ni mlango mwingine kabisa.

Halafu kuna familia. Kiwanja cha ufukweni mara nyingi ni cha ukoo, na anayeuza ni yule kijana aliyebaki kijijini. Mke wake amekubali? Kaka walioko Musoma na Geita wanajua? Pana makaburi? Nilipomuuliza dalali swali la makaburi alijibu, "Yapo machache tu bosi, kwa nyuma."

Kisiwani kila kitu kina nauli. Saruji inavuka, nondo zinavuka, petroli inavuka, na fundi analipwa siku ambayo meli haikuja. Boti ukiinunua kwa kazi yoyote ya maana, iandikishe na ikaguliwe na TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, uwe na jaketi okozi kwa kila kichwa, na usikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hujawasha injini. Ziwa hili lilichukua MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tarehe 20 Septemba 2018 likachukua kivuko cha MV Nyerere kikiwa kinakaribia kabisa gati la Ukara, watu ufukweni wanakitazama. Kuona nchi kavu si kufika.

Shemeji alilalamika wiki nzima nilipomwambia aachane na kile kiwanja. Alidhani nimepewa kitu na dalali mwingine. Mwishowe akapanda mwenyewe meli, akaenda na kamba yake na jiwe lake, akakaa kwa yule bibi siku tatu. Alichonunua baadaye kiko mlimani kidogo, ng'ambo ya njia ya kijiji, hatua kama mia mbili kutoka majini, juu ya kihori chenye mwalo mdogo wa mitumbwi isiyofika kumi. Halmashauri ya kijiji ilikaa, muhtasari anao. Boti inalala mwaloni pamoja na nyingine, mlinzi analipwa kwa mwezi, na injini hubebwa begani kila jioni kurudishwa nyumbani, kazi ambayo shemeji ameshaikabidhi kwa mjukuu wa bibi. Kile kiwanja cha mchanga bado kinauzwa. Juzi nimetumiwa picha zake na dalali mwingine, safari hii kumi na tano, na choo kimekatwa pembeni ya picha.